Mtoto wa Vita Akibadilika, Kosa ni la Nani?

Katika toleo hili tunapenda tutafakari pamoja jambo ambalo wazazi wengi wanalibeba kimya kimya, kwa sababu wanaona aibu kulisema mbele za watu.

Mtoto alikuwa mchangamfu, sasa haongei. Mwingine ana miaka tisa na amerudia kukojoa kitandani. Mwingine akisikia bati limebamizwa na upepo anatoka mbio kuelekea porini. Mwingine anawapiga wadogo zake bila sababu, na mchezo wake ni mmoja tu: anajenga vijumba vya majani mchangani, kisha anavichoma moto.

Majirani wanapoona hayo, hutoa majibu matatu. Wa kwanza husema mtoto ni mtukutu, anataka fimbo. Wa pili husema ana jini, apelekwe akatolewe. Wa tatu hasemi kwa sauti, bali hunong'ona kisimani kwamba mama yake hakumlea. Majibu haya hayafanani, lakini yote matatu yanatafuta kitu kimoja, yaani mwenye kosa. Ni mtoto, ni shetani, au ni mama. Swali letu leo ni hili: je, ni sahihi kutafuta mwenye kosa ndani ya nyumba? Na kama hayumo, nani ana wajibu?

TULIYOYAPITIA

Tukumbuke kwanza watoto wetu wameona nini. Tarehe 5 Oktoba 2017 vita vilianza Mocímboa da Praia. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapiga pwani yetu. Mwezi wa Agosti 2020 Mocímboa da Praia ikatekwa. Kuelekea mwisho wa mwaka ule mashambulizi yakafika Mute, na tarehe 24 Machi 2021 yakafika mjini Palma. Wengine walikimbilia Quitunda, wengine walipanda mashua, wengine walitembea siku nyingi porini hadi Mueda au mpaka wa Tanzania. Kufikia mwaka 2022 karibu watu milioni 1 walikuwa wamehama makwao, na sehemu kubwa sana walikuwa watoto. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2017 amekua bila kuona mwaka ambao mkoa mzima ulikuwa na amani.

Kwa hiyo tunaposema "mtoto huyu amebadilika", tuulize pia: amebadilika kutoka wapi kwenda wapi, na njiani alikutana na nini?

YANAYOJULIKANA KUHUSU MIAKA YA MWANZO

Ubongo wa mtoto hukua haraka sana katika miaka ya mwanzo. Akifika miaka 6, ubongo wake umefikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Wakati huo ndipo anapojifunza mambo ambayo hayafundishwi kwa maneno: kwamba nikilia nitasikiwa, kwamba aliyeondoka atarudi, kwamba giza litakwisha.

Miaka ya 1954 na 1955 mtafiti mmoja, Mary Ainsworth, alitembelea familia 26 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, Uganda. Alirudi nyumba zile zile mara kwa mara, akaketi na akina mama na kuangalia watoto wao wachanga. Aliona kwamba mtoto anayetambaa humwacha mama yake, akaenda kuchunguza kuku au sufuria, kisha akageuka kumtazama, akarudi kumgusa, akaenda tena. Mama alikuwa kama bandari ya mashua. Mtoto mwenye bandari ya uhakika alithubutu kwenda mbali zaidi, na watoto wasio na uhakika walilia zaidi na kung'ang'ania zaidi. Mengi ambayo ulimwengu unajua leo juu ya mtoto kushikamana na mlezi wake yalianza kuonekana katika nyumba hizo za Buganda, na kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1967.

Habari ya pili inatoka London, wakati Ujerumani ilipokuwa ikilipiga jiji lile mabomu. Mwaka 1939 watoto wengi walihamishiwa mashambani ili waokoke, wakiachana na wazazi wao. Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham walikuwa wakilea watoto wadogo katika nyumba maalum huko Hampstead. Waliona jambo lililowashangaza wengi. Watoto waliobaki na mama zao chini ya mabomu mara nyingi walistahimili kuliko wale waliopelekwa mahali salama peke yao. Mtoto mdogo hapimi hatari kwa ukubwa wa mlio. Anaipima kwa uso wa mtu anayemshika.

Na mwili je? Mtoto akiogopa, mwili wake humwaga homoni za hatari. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, usingizi hukimbia. Akibembelezwa, mwili hutulia. Lakini hofu ikija tena na tena, na mwenye kumbembeleza hayupo au naye anatetemeka, mwili wa mtoto huzoea kukaa macho. Hapo huanza yale tunayoyaona: kushtuka, kukojoa usiku, hasira, kunyamaza, kutosikia anachoambiwa darasani. Watu wa afya huita hali hiyo kiwewe. Mwili unaendelea kumlinda kwa njia iliyomfaa porini, lakini haimfai tena shuleni. Kukimbia kila unaposikia mlio kulikuwa akili njema siku ile kijiji kilipochomwa. Mtoto hajajulishwa bado, kwa namna ambayo mwili wake unaweza kuelewa, kwamba siku ile imepita.

SI KILA UGONJWA HUTOKA KWENYE MALEZI

Hapa inatupasa kuwa waangalifu, kwa maana elimu hii ikitumiwa vibaya humwumiza mama. Methali yetu husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali nzuri kwa mlezi anayetaka kujitahidi, lakini ni mbaya sana ikigeuzwa kuwa hukumu.

Yapo matatizo ya watoto ambayo hayatokani na malezi hata kidogo. Mtoto mwenye usonji, yule asiyeangalia watu usoni, anayechelewa kusema na kurudia jambo moja siku nzima, alizaliwa na ubongo wake ukiwa tofauti. Mtoto mwenye kifafa ana ugonjwa wa ubongo. Malaria kali ikipanda kichwani inaweza kumwachia mtoto degedege au kumbadilisha tabia hata akipona homa. Hayo si matunda ya ulezi mbaya.

Wataalamu wenyewe waliwahi kukosea sana katika jambo hili. Katikati ya karne iliyopita, huko Marekani na Ulaya, madaktari wengi walifundisha kwamba usonji huletwa na mama mwenye moyo baridi. Maelfu ya akina mama waliambiwa kwamba wao ndio walioharibu watoto wao. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na hali hiyo, aliandika kitabu kupinga mafundisho hayo, na utafiti juu ya mapacha uliotolewa mwaka 1977 ulionyesha kwamba urithi wa mwili una nafasi kubwa. Akina mama wale walikuwa wamebebeshwa mzigo usio wao kwa miaka mingi. Ikiwa wenye vyeo na vitabu waliweza kumsingizia mama, sisi kisimani tujihadhari zaidi.

JE, MTOTO ANA HATIA?

Sasa turudi kwa mtoto aliyeumizwa na vita. Anampiga mdogo wake hadi damu inatoka. Je, tuseme si yeye, ni vita? Au tuseme ni yeye, apigwe?

Wengine huogopa kwamba tukieleza sababu ya tendo, tumelihalalisha. Si kweli. Kueleza ni kazi moja na kuhalalisha ni kazi nyingine. Daktari akisema mguu huu umevimba kwa sababu ya mwiba, hajasema uvimbe ni mzuri. Amesema tu kwamba kuupiga hakutauponya. Vivyo hivyo mtoto anayempiga mdogo wake lazima azuiliwe, siku hiyo hiyo, kwa mkono ulio imara. Mdogo wake naye ni mtoto wa vita na ana haki ya kulindwa.

Lakini lipo pia kosa la upande wa pili. Tukimwambia mtoto kwamba yote anayoyafanya ni vita, na yeye hana neno, tunamnyang'anya utu wake. Tunamfanya kuwa kitu kilichovunjika. Anahitaji kusikia mambo mawili kwa pamoja: "Yaliyokupata hayakuwa kosa lako," na "Unaweza kujifunza kufanya lililo jema, nami nitakusaidia."

Nchi yetu wenyewe imekwisha kuonyesha kwamba hilo linawezekana. Katika vita vya ndani vilivyokwisha kwa mapatano ya Roma, tarehe 4 Oktoba 1992, watoto wengi walitekwa na kufanywa askari. Mwaka 1988 baadhi yao walipelekwa katika kituo cha Lhanguene, Maputo. Wavulana 39 kati yao, waliokuwa na umri wa miaka 6 hadi 16, walifuatiliwa kwa muda wa miaka 16, na matokeo yakaandikwa na Neil Boothby na wenzake mwaka 2006. Wengine walikuwa wameua. Pale kituoni walifundishwa tena kuzuia hasira, kumwamini mtu mzima, na kuwajibika kwa wenzao. Kisha walirudishwa kwa jamaa zao. Vijijini walipokewa kwa sala za makanisa na kwa matambiko ya wazee ya kuwatakasa, wakapewa kazi za kujifunza.

Matokeo yalikuwaje? Wengi wao walikuwa watu wazima wenye wake, watoto na mashamba, waliojulikana na majirani kuwa watu wa kutegemewa. Waliokaa na wapiganaji kwa miezi michache walipona kwa urahisi zaidi kuliko waliokaa mwaka au zaidi. Hata hivyo hakuna aliyesahau. Ndoto mbaya na kumbukumbu ziliendelea kuwasumbua wengi. Walijifunza kuishi nazo.

Habari hii inatufundisha kwamba muda una maana. Jambo hilo hilo lilionekana Romania baada ya serikali ya Ceaușescu kuanguka Desemba 1989, zilipofunguliwa nyumba za yatima ambamo watoto walikuwa wakilishwa lakini hawabebwi wala kusemeshwa. Wale waliopata familia Uingereza kabla ya kufikisha miezi 6 kwa sehemu kubwa waliwafikia wenzao. Waliochelewa, wengi wao walibaki na matatizo, ingawa hata kati yao wapo waliokua vizuri. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kungoja, na hatuna ruhusa ya kukata tamaa. Samaki mkunje angali mbichi, ni kweli, lakini mtoto si samaki. Hata aliyekunjwa na vita anaweza kunyooshwa, polepole, na mikono isiyochoka.

JE, MZAZI ANA HATIA?

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 4, imo habari fupi ambayo wengi huipita. Mefiboshethi mwana wa Yonathani alikuwa na umri wa miaka mitano habari za kushindwa vitani zilipofika nyumbani. Mlezi wake alimbeba na kukimbia, na kwa haraka ile mtoto akaanguka. Tangu siku ile miguu yake yote miwili ikalemaa.

Je, mlezi yule alikosa? Angebaki, pengine mtoto angeuawa. Alikimbia kwa sababu alimpenda. Na bado mtoto alivunjika akiwa mikononi mwake. Akina mama wa Mute na Palma wanaijua habari hii kwa miili yao. Yuko aliyemziba mtoto mdomo usiku kucha porini ili asilie. Yuko aliyeshika mkono wa mmoja na kumpoteza mwingine. Yuko aliyefika kambini akanyamaza miezi mingi kwa huzuni, hata mtoto mchanga akimwangalia usoni hakuona jibu. Hao si wenye hatia. Hatia ni ya waliochoma vijiji, wakachinja, na kuteka watoto. Tusiichukue mizigo yao tukaitwika wake zetu.

Maandiko hayamlaumu mlezi yule hata kwa neno moja. Yanaendelea hadi sura ya 9, ambapo Mefiboshethi amekua, yuko mafichoni mbali, naye Daudi anamtafuta na kumweka mezani pake. Daudi hakumvunja miguu. Hakuwa na hatia ya anguko lile. Lakini alikuwa na meza, kwa hiyo alikuwa na wajibu.

Hapa ndipo tunapopaona jibu la swali letu. Hatia humwuliza mtu: ulifanya nini jana? Wajibu humwuliza: leo una nini mkononi? Mzazi anaweza kukosa hatia kabisa ya jeraha la mtoto, na bado akawa na wajibu wa kumwuguza. Na mzazi ambaye naye amejeruhiwa hadi hawezi, wajibu ule unahamia kwa mjomba, kwa bibi, kwa shangazi, kwa jirani, kwa kanisa. Kwetu mtoto hakuwa wa mtu mmoja hata kabla ya vita. Wamakonde na Wamakua wanajua uzito wa mjomba katika nyumba ya dada yake. Vita vimetawanya wajomba. Yafaa tuwe wajomba wa watoto tuliowakuta hapa.

Lakini tusijidanganye pia. Vita havimpi mtu ruhusa ya kupiga watoto kila jioni kwa sababu shamba limepotea na mgao wa chakula umechelewa. Hasira hiyo ina sababu, tunaielewa, na bado lazima izuiliwe, kama tulivyosema juu ya mtoto. Kipimo ni kimoja kwa wote wawili.

HABARI YA MAJINI

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili (Yohana 9). Tuombe kwa ajili ya watoto wetu, naam, na tuombe pamoja nao. Lakini kumfunga mtoto kamba, kumnyima chakula siku nyingi, au kumpiga ili kitu kimtoke, ni kumrudisha porini kwa mara ya pili. Alifungwa na kutishwa na waliomchukia. Asifungwe na wanaompenda. Sala inayomponya mtoto ni ile asiyoiogopa.

TUNAWEZA KUFANYA NINI

1. Ratiba. Chakula, kuoga, shule na kulala viwe saa zile zile kadiri inavyowezekana. Mtoto aliyepoteza kila kitu hupumzika anapojua kitakachofuata.

2. Usiku. Anayekojoa kitandani asiaibishwe wala kutangazwa. Abadilishiwe kimya kimya na alale karibu na mtu mzima.

3. Maneno. Asilazimishwe kusimulia, na asikatazwe akitaka kusimulia. Kama baba amekufa, aambiwe kweli kwa maneno mepesi. Mtoto anayeambiwa baba amesafiri atamngoja kila siku.

4. Michezo na shule. Mpira, nyimbo, kuchora na kujenga mchangani ni dawa. Akichoma vijumba vyake, asipigwe. Keti naye, na siku moja mjenge kijumba ambacho hakichomwi.

5. Mama. Mama asiyelala, asiyekula, asiyejibu, asiachwe peke yake. Akina mama wa jumuiya wampokee mtoto mgongoni saa moja kila siku, naye apumzike.

6. Kituo cha afya. Mpelekeni mtoto haraka akiwa na degedege, akikataa kula, akisema anataka kufa, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au hali yake ikikaa wiki nyingi bila kupungua. Kumpeleka si kukosa imani.

Maswali ya kujadili nyumbani na katika jumuiya: Ni mtoto gani karibu nasi ambaye tumemwita mtukutu bila kuuliza alipitia nini? Ni mama gani tumemsema, badala ya kumsaidia? Na kila mmoja wetu leo ana nini mkononi, hata kama ni nafasi moja tu kwenye mkeka wakati wa kula?

Bwana awalinde watoto wetu, na atupe sisi uvumilivu.